Mrejesho: mikanda ya kufunga kayaki juu ya gari

Wadau habari zenu, mtakumbuka nilikuwa nimeuliza kayaki zangu mbili za plastiki (vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kasia) nizifunge kwa keria ya juu ya gari na mikanda ya racheti, ile inakazwa na kishikio chenye meno, ama ile ya kuvuta na mkono. Nilichukua ya mkono, minne, mita 4 kila mmoja, na asanteni sana maana aliyesema racheti itabonyeza plastiki hakukosea, ya jirani ilikazwa na racheti ikashinda juani na sasa imebonyea ubavu mzima.

Jumamosi tukaenda Naivasha, kilomita 90 hivi. Kabla hata ya kufika Limuru mikanda ilikuwa inavuma kama nyuki mpaka watoto wakaziba masikio, nikasimama, nikausokota kila mkanda mara moja tu hapo penye upepo unapita, kelele ikaisha. Hiyo sikuwa naijua kabisa! Ile chuma ya kubana nayo nimeivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli isikwaruze rangi ya gari.

Kamba za kufunga pua na mkia wa kayaki kwa gari, mbele na nyuma, karibu niziache nikiona ni kazi bure, lakini kwa mteremko wa kuingia Mai Mahiu upepo ulitupiga ubavuni na kila lori likipita unaona pua ya kayaki inataka kuinuka, ile kamba inakaza inairudisha chini. Tafadhali msiziache. Na mkishatembea kilomita chache simameni mkaze tena, mkanda wangu mmoja ulikuwa umelegea vidole viwili vinaingia.

Keria yangu imeandikwa mwisho kilo 75, hizi mbili zinakaribia 50, kwa hivyo ya tatu ya shemeji itatafutiwa gari lingine.