Miezi minane nalipia masomo ya gofu, mpira bado unapinda kulia. Makocha mnatula hela!

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Miezi minane nalipa elfu hamsini kila kipindi, na nikishika draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, mpira unaondoka vizuri, ukifika katikati unakata kulia mpaka porini. Kosa lile lile nililokwenda nalo siku ya kwanza.

Gofu ni ngumu, hilo silalamikii. Nalalamikia kwamba muda wote huo kocha hajawahi hata siku moja kunitazama mikono ninavyoshika fimbo. Kila wiki ananipa dawa mpya. Mara "usiinue kichwa", mara "nyoosha mkono wa kushoto", mara "zungusha kiuno". Nikimwambia mpira bado unakata, ananiambia nisimame nikielekea kushoto zaidi ili ukipinda urudi katikati.

Huo ushauri ndio ulioniharibu kabisa, na kila anayeanza ausome hapa. Kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, mpira unapinda kulia kwa sababu fimbo inapogusa mpira, uso wake, yaani sehemu inayogonga mpira, umefunguka kulia kuliko njia inayopita. Ukielekea kushoto, njia ya fimbo nayo inahamia kushoto, uso unabaki umefunguka, pengo linakua, na mpira unapinda kuliko mwanzo. Miezi miwili nimefanya hivyo kwa utiifu, nalipia!

Halafu ananipigia kelele fimbo ikiwa tayari inashuka: "funga uso, funga!" Fimbo na mpira vinagusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Nani atarekebisha nini hapo? Kosa langu lilishaanza kwenye mshiko kabla sijaondoa fimbo chini.

Aliyeliona ni kedi, yule anayenibebea fimbo. Jumamosi tukiwa shimo la saba akaniomba glovu, akaigeuza, akaweka kidole kwenye tundu lililotoboka chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. "Bosi, fimbo inakuteleza. Umeishika kwenye kiganja, ilete kwenye vidole." Akanionyesha na alama niliyochimba kwenye nyasi, imeelekea kushoto kabisa ya bendera. Dakika mbili tu. Na hiyo glovu ni ya tatu kutoboka pale pale, zote tatu kocha ameziona.

Msiniambie nakosa subira. Nick Faldo alikuwa tayari mchezaji mkubwa alipokaa na kocha David Leadbetter takriban miaka miwili kuijenga upya swingi yake, yaani namna anavyozungusha fimbo. Mwaka 1987 akatwaa The Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, pale Muirfield, Scotland, siku ya mwisho akimaliza kila shimo, yote 18, kwa idadi yake kamili ya mapigo, bila kuzidisha wala kupunguza. Miaka miwili naiweza. Lakini yule alijua anarekebisha nini. Mimi niliahidiwa "wiki mbili tu utakuwa sawa", na mpaka leo hakuna aliyenitajia jina la ugonjwa wangu.

Makocha mliomo humu, mtu akija kwenu mshikeni mikono kwanza. Simu zenu zina kamera, mrekodini kwa nyuma, mwonyesheni kosa kwa macho yake, na msimpe la pili kabla la kwanza halijatoka. Hilo ndilo tunalolipia.

Mshiko mpya unauma, na Jumapili mipira mingi niliyopiga kwa fimbo ya ayoni 7 ilikwenda kushoto. Sawa, angalau sasa najua kwa nini. Ila vipindi vinne nilivyolipia kabla bado viko kwa kocha, nimemwandikia anirudishie hela tangu Jumatatu. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Kuna mdau aliyewahi kurudishiwa? Alipitia wapi?