Usiku wa mawingu, darubini iko nje: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za usiku. Jana nilitoa darubini saa mbili, anga jeupe halina doa. Saa tatu kioo cha darubini kimeshapoa, macho yameshazoea giza, mawingu hayo yakaanza kuingia. Nilikuwa naitafuta M31, galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali nasi. Nilisimama zaidi ya saa nzima nikivizia matundu kati ya wingu na wingu, nikaambulia dakika nne tu. Kilichoonekana ni kiini chake, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha. Mwanga umesafiri miaka milioni 2 na nusu kufika hapa, halafu wingu lililo kilomita chache juu ya kichwa changu linauzima. Roho iliniuma, ila zile dakika nne sizisahau. Wenzangu mnafanyaje? Mnafunga vifaa au mnasubiri?

—

Mkuu, wingu jembamba likipita, galaksi ndiyo hutangulia kupotea. Mwanga wake umetandazwa eneo pana, haujakolea mahali pamoja, ukififia kidogo tu unamezwa na weupe wa anga. Nyota ni nukta, yenyewe inavumilia. Kwa hiyo mimi wingu likitanda nahamia kwenye vishada vya nyota.

Juzi nilielekeza darubini ya macho mawili kwenye Kilimia. Kwa macho matupu nilikuwa naona nyota tatu tu, kwenye lenzi zikarudi nyingi, kila moja imezungukwa na ukungu laini. Moyo ulinidunda, maana Kilimia kina nebula yake kweli, yaani wingu la gesi na vumbi huko huko angani, na nimeitamani miaka. Nikageukia nyota ya Aldebaran, jirani yake, nayo nikaikuta na ukungu uleule. Basi, lilikuwa wingu letu. Tangu siku hiyo sijaandika “nimeona nebula” kwenye daftari kabla ya kukagua nyota nyingine angavu iliyo pembeni.

—

Mimi nasubiri, lakini nikiwa mbali na mji tu. Karibu na taa, wingu linarudisha mwanga wote chini na anga linageuka rangi ya chungwa. Hata filta ya nebula, ile ya kuchuja mwanga wa taa, haikunisaidia kitu. Hapo naingia ndani kulala.

—

Naomba niseme la umande, maana watu huusahau. Usiku mmoja niliona nyota zinafifia taratibu kwenye lenzi nikadhani mawingu yamezidi. Nikakaa kitini nasubiri yapite. Nilipoinua macho, anga lote lilikuwa wazi, limejaa nyota! Kumbe lenzi ya mbele imelowa. Siku hizi navisha mdomo wa darubini bomba la karatasi nene nyeusi, refu kuliko upana wa lenzi, na kila nyota zikififia natazama juu kwa macho yangu kwanza.

—

Kwangu ni kisa cha furaha. Mara ya kwanza nilipofika penye giza totoro chini ya anga la kusini, mawingu yalikuwa yanakatiza kwa kasi. Moja lilibaki kusini, jeupe, halisogei. Nikalingoja liondoke. Mengine yote yalipita, lile likakaa palepale, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Nilielekeza darubini yenye kioo cha upana wa inchi 8 kwenye ukingo wake nikakutana na nebula ya Tarantula, vitanzi vya mwanga vimesokotana kama uzi. Nilikaa hapo mpaka wingu la kweli likaja kuifunika.

Ushauri wangu kwa mwenye mada: andaa orodha fupi kabla hujatoka, na uigawe kwa pande za anga. Tundu likifunguka mashariki ujue mara moja unalenga nini. Na simu iache mfukoni. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa kioo cha simu unayarudisha mwanzo.

—

Nashukuru sana wakuu. Orodha nimeandika kwa penseli na naisomea kwa tochi nyekundu: Kilimia kwanza, kisha nebula ya Orioni, Andromeda nimeiweka mwisho kwa ajili ya tundu kubwa. Sasa hivi ni saa tano kasoro robo, wingu limeanza kupasuka na nyota tatu za mkanda wa Orioni zimetokeza. Natoka.