Laptopu imegoma kuwaka baada ya antivirusi mbili: sefu modi, ristoo au nipige Windows?

Steshenari Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Laptopu yangu ya HP, Windows 10, ilikuwa na antivirusi ya kulipia. Juzi mteja kaleta flashi yenye virusi, vile vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati. Nikaingiwa na hofu, nikapakua antivirusi nyingine ya bure nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya. Tangu hapo vidoti vinazunguka, kioo kinageuka bluu, inajizima, inaanza tena. Ndani kuna orodha ya wakulima wa chama chetu cha msingi, kilo za kila mtu na namba za akaunti, na minada ya korosho imeshaanza. Bekapu sina. Fundi ameiangalia dakika mbili akasema ipigwe Windows, yaani isimikwe upya. Naombeni mnilinganishie njia kabla sijamkubalia.

Fundi Masasi
Dada, usimkubalie. Akiiformati, yaani akifuta hadi diski, orodha nayo imekwenda. Hata ile njia ya kurudisha Windows upya huku faili zako zikibaki inafuta programu zote, na utaanza kutafuta upya draiva za printa, yaani programu za kuiendesha. Iwe ya mwisho kabisa.

Kila antivirusi inaweka draiva yake chini kabisa, na inapakiwa mapema, kabla hujafika kwenye nywila. Kila moja inataka kulikagua faili kabla halijafunguliwa. Zikigombea faili lilelile, Windows inakwama. Huenda diski yako ni nzima kabisa.

Anza na sefu modi. Vidoti vikizunguka, bana kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu, itakuletea skrini ya marekebisho. Ingia kwenye utatuzi, chaguo za ziada, kisha mipangilio ya kuwasha. Ikijiwasha upya, bonyeza 4. Hapo Windows inapakia vitu vya lazima tu, na antivirusi nyingi zinabaki nje. Ondoa ile ya mwisho kuwekwa.

Newala Kwetu
Mimi ningeanza na ristoo. Iko kwenye skrini hiyohiyo ya marekebisho. Inarudisha Windows ilivyokuwa kabla ya siku ile, na nyaraka zako haizigusi. Yangu ilikubali mara moja.

Lindi Mjini
Ristoo ni nzuri kama ilikuwa imewashwa. Kwenye Windows 10 nyingi unakuta imezimwa, hakuna tarehe hata moja ya kurudi. Ajaribu, lakini asiitegemee.

Kuhusu sefu modi, hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Huduma ya Windows inayosimika na kuondoa programu huwa imelala humo, kwa hiyo antivirusi inaweza kukataa kutoka kwa njia ya kawaida. Kampuni nyingi za antivirusi zina programu ndogo ya kuondolea bidhaa yao. Ipakue kwa kompyuta nyingine, kwenye tovuti rasmi ya kampuni husika, uibebe kwa flashi safi, si ile ya mteja.

Mwalimu Nachingwea
Nyote mnazungumzia kuwasha laptopu. Dada yetu analia na orodha. Okoa orodha kwanza! Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa kompyuta ya jirani, ichomeke, washa huku unabonyeza F9, chagua kuijaribu bila kuisimika. Utaona diski yako na mafolda yake, nakili kwenye flashi nyingine. Windows haihusiki hapo hata kidogo. Ila diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48. Tafuta kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na betri ijae kwanza, umeme wetu huku Kusini mnaujua.

Fundi Masasi
Mwalimu, hapo nimekubali. Faili kwanza, kisha sefu modi.

Steshenari Mikindani
Nashukuruni sana, ndugu zangu. Ubuntu imeona diski, orodha yote nimeitoa, nimelia kwa furaha. Ristoo haikuwa na tarehe, kama alivyosema Lindi Mjini. Sefu modi imekubali. Antivirusi ya bure iligoma kutoka mpaka nilipotumia programu yake ya kuondolea. Sasa inawaka. Swali: ile ya kulipia ikiisha muda, niweke ipi?

Lindi Mjini
Iondoe kabisa, Defender, antivirusi inayokuja na Windows, itajiwasha yenyewe. Ukiweka antivirusi nyingine, Defender kwa kawaida hujiweka pembeni, ndiyo maana haikugombana na ile ya kwanza. Hizi mbili za nje hakuna iliyompisha mwenzake.

Steshenari Mikindani
Sawa kaka. Nakala moja ya orodha nimempa katibu wa chama leo hiihii.