Kufuta herufi nne si kubadilisha faili! Yule jamaa wa Mwanga anatuona mabwege

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka. Mnamjua, yule wa simu na kava hapa Mwanga, simtaji. Kaulizwa swali moja: hiki kifaa cha kusomea vitabu kinafungua vitabu vya aina ya EPUB? "Kinafungua vyote." Na ni Kindle, ya Amazon! Kitabu kikaingizwa kwa waya kwenye folda ya documents, hakikuonekana. Akafanyaje? Kwa kidole kimoja, mwishoni mwa jina la faili akafuta e-p-u-b, akaandika pdf. "Tayari, nimeshakubadilishia."

Kubadilishia! Mbuzi ukimwita ng'ombe utamkamua ndoo ngapi?

EPUB ni kifurushi cha zip chenye kurasa za HTML, ndiyo maana ukikuza herufi mistari inajipanga upya. PDF ni ukurasa ulioganda. Kufuta herufi nne hakugusi kilichomo! Kindle haifungui EPUB iliyoingizwa kwa waya. Ama uitume kwa huduma yao ya Send to Kindle, Amazon waigeuze wao, ama uigeuze mwenyewe kwa Calibre, programu ya kompyuta ya bure kabisa: ongeza kitabu, bonyeza kugeuza, chagua AZW3, aina ya faili ya Kindle, ndipo uchomeke waya. Anayetaka EPUB moja kwa moja achukue Kobo au PocketBook. Dakika mbili kueleza, yeye kafuta herufi nne. Mbele ya watu!

Mgebuka_Mkavu: Pole mkuu, ila kifaa cha kusomea unakifuata kwenye kava za simu? Samaki nao unanunua duka la nondo?

Mwenye uzi: Hoja si duka! Hoja ni herufi nne!

Mama_Asali: Huku Tabora wanakwambia "kinasoma PDF". Kinasoma, sawa. Skrini ya inchi 6 ni kama sentimita 9 kwa 12, ukurasa wa A4 ni 21 kwa 29.7. Herufi zinakuwa mbegu za mchicha. Na kitini kilichopigwa skani ni picha tupu, herufi hazikuzwi peke yake. Mwenye PDF nyingi atafute inchi 10 kwenda juu.

Kibirizi_Mwaloni: Na kitabu cha kununua chenye DRM, kufuli la kuzuia kunakili, Calibre inagoma kukigeuza. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa.

Reli_ya_Kati: Afadhali nyie. Nyaya! Nyingi za mtaani ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Kifaa kinachaji, kompyuta haikioni, fundi anakwambia poti imekufa. Badilisheni waya kwanza.

Mama_Asali: Memori kadi je? Imeandikwa GB 128, ndani 8. Zikijaa hizo 8, kinachofuata kinaharibika na kadi haisemi kitu.

Mgebuka_Mkavu: Ipimwe kwa programu ya H2testw kwenye Windows, kadi ikiwa tupu. Inaijaza yote, kisha inasoma tena ilichoandika. Kadi kubwa inakula saa kadhaa.

Reli_ya_Kati: Linux je?

Mgebuka_Mkavu: Tumia programu ya F3. Unaanza na amri ya f3write, halafu f3read.