Chuo kimefutiwa ithibati: hatima ya mwanafunzi ni ipi?

Mzazi, Moshi: Shikamooni wakubwa. Chuo cha kati anakosoma binti yangu, mwaka wa pili, kimefutiwa ithibati (kutambuliwa rasmi kwamba kinakidhi viwango) baada ya kubainika kwamba wakufunzi walinakili tafiti za wengine, na uongozi, badala ya kuwawajibisha, ulikuwa ukibadili alama kwa malipo. Inaniuma sana. Je, masomo yake yamepotea?

Mkazi wa Sakina, Arusha: Pole, mama. Vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi), ilhali TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) husimamia vyuo vikuu. Iandikieni NACTVET mkiomba mwongozo wa kumhamishia chuo chenye ithibati, mkiambatanisha matokeo ya mihula yote.

Mhadhiri mstaafu: Hatari kubwa ni hizo alama zilizobadilishwa, kwa kuwa chuo kipya kinaweza kutilia shaka hata za wanafunzi waaminifu. Atunze kazi zake zote zilizosahihishwa.