Tupeane uzoefu: mlio na watoto wenye ulemavu wa akili, hizi jumuiya za wazazi zimewafaa nini?

BintiMwembe
Assalaam alaykum wadau. Mie niko Unguja, nna mtoto wa kike yuko darasa la kwanza kwa umri ila skuli bado, ana mtindio wa ubongo, alichelewa kulia pale alipozaliwa ndo ikawa hivyo. Miaka yote nasikia tu ZAPDD, ile Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, ipo tangu 1999, mie najua ni mambo ya semina na posho. Jirani akanivuta mpaka kwenye tawi. Hela hakuna jamani, msije mkaenda na mkoba. Kuna kinamama wamekaa kila mtu na wake, huyu anamshikia yule, na mtoto akipiga ukelele hakuna anayegeuka. Siku hiyo nilikunywa chai ikiwa bado ya moto, mwenye mtoto kama wangu ashanielewa.

Lililonifaa khasa ni kulisha. Kwetu mtoto huyu alikuwa analishwa kalazwa mapajani, bibi, shangazi, wote hivyo hivyo, uji unamwendea kifuani, kila mwezi tuko hospitali na kifua. Mama mmoja pale, hata si daktari, akanambia mkalishe wima, kichwa kiiname mbele kidogo, kijiko kije kwa chini usawa wa kidevu asitazame juu, na uji uwe mzito kidogo maana majimaji ndo yanayompalia. Akanitazama nikifanya mbele yake mpaka aliporidhika.

Haya, tupeane uzoefu, wa popote, na si lazima uwe mzuri.

Mzee wa Mbuyuni
Moshi hapa. Kuna vituo vya kutwa vya BCC (Building a Caring Community), vya watoto wenye ulemavu, wanafanya kazi na KKKT, Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini, unampeleka asubuhi jioni unamfuata. Kijana wangu anaenda. Watu wanadhani mtoto wa hivi anamaliza hela kwa dawa, aisee kinachomaliza hela ni mtu mzima mmoja asiyeweza kutoka nyumbani. Mke wangu alikuwa anauza ndizi sokoni kabla ya mtoto, akaacha, tukabaki na kipato changu cha kubeba mizigo na madeni ya duka. Alipopata pa kumwacha mchana akarudi sokoni. Hapo ndo tukaanza kula vizuri, kijana naye akanenepa. Kama kuna mtu anataka kusaidia familia za hivi asianze na pipi na sabuni, aanze na mahali pa kumwacha mtoto kwa usalama.

mamake_J
Niko Likoni, wangu ana usonji. Mimi niliingia group ya wazazi kwa sababu ya karatasi, niseme tu ukweli. Hapa Kenya kuna ile pesa ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ya wale wenye ulemavu mkali wanaohitaji mtu masaa yote, lakini kuifikia ni safari, mara assessment, mara kujisajili na Baraza la Watu Wenye Ulemavu, mara kitambulisho cha mlezi. Wazazi wenzangu walikuwa wameshapita hiyo njia wakaniambia dawati gani kwanza na nibebe nini. Peke yangu ningechoka zamani.

Halafu kuna hii ya picha. Mtoto wangu haongei, alikuwa akitaka kitu anajigonga kichwa ukutani. Tulifunzwa kumchorea, picha ya bakuli, ya choo, ya nje, ya maji, tukazilaminate tukazining'iniza mlangoni, akitaka analeta picha mkononi mwako. Kujigonga hakujaisha lakini kumepungua sana. Babake alikuwa anasema huo ni mchezo wa wazungu, sai yeye ndiye anatengeneza picha mpya, juzi amechora matatu, ile gari ya abiria, ameketi na penseli kama mtoto wa shule.

Kaka Mtu
Naomba niharibu hali ya hewa kidogo. Mimi si mzazi, ni kaka. Mdogo wangu ana Down syndrome na ni mtu mzima ana ndevu. Zipo jumuiya nzuri sikatai, ila kuna moja (siitaji) tulikuwa wanachama, inakuwa hai Machi 21 tu, siku ya Down syndrome duniani. Mnavalishwa fulana, mnapigwa picha na mgeni rasmi, mnapewa mchele, mpaka mwakani. Hata kwa nini ni tarehe 21 mwezi wa 3 hakuna aliyetueleza, nikaja kusoma mwenyewe kwamba ni zile kromosomu namba 21 kuwa tatu badala ya mbili.

Na kingine, kila kituo ni cha watoto. Akitimiza miaka 18 wanakwambia hongereni. Mama ana sukari, baba hayupo, na kila mtu ukoo mzima anajua atayebaki na huyu jamaa ni mimi lakini hakuna anayelisema wazi. Yeye mwenyewe anafua, anapika ugali mzuri kuliko wangu, anaweza kazi. Nani anamuajiri?

mzee wa chaki
Kaka Mtu umegonga penyewe. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimepitia chuo cha ualimu Patandi. Tunafundisha wapande darasa wakati wangehitaji kufundishwa kuhesabu chenji na kupanda daladala. Nimefika Irente Rainbow pale Lushoto, shule ya KKKT, walimu wanatoka wanafuata familia majumbani, na hapo ndo unaona mtoto analala wapi na nani anamwogesha.

Wazazi wa mabinti, niseme bila aibu: mfundisheni hedhi KABLA haijaja, kwa vitendo, mwonyeshe pedi na inavyokaa. Na mfundisheni kukataa. Hawa mabinti wanafundishwa kutii kila mtu mzima, na mtu mbaya analijua hilo.

Mpemba halisi
Wete. Sisi kwetu mtoto ana kifafa juu yake. Walimpeleka kwa waganga wee, kafukizwa, kazinguliwa, na vidonge vikawekwa kando. Wazazi wa jumuiya wakaja nyumbani wakakaa na bibi yake, hawakumgombeza, wakamwambia kisomo endeleeni nacho ila kidonge asikose hata siku moja, maana dawa ya kifafa ukiikata ghafla degedege linarudi na nguvu zaidi. Bibi kakubali. Sasa yeye ndo saa ya chumbani, akisikia adhana ya isha anauliza kidonge kiko wapi.

BintiMwembe
Kaka Mtu hujaharibu kitu, ndo nilichokitaka hicho. Kwenye tawi letu wapo wakubwa na wao wanahudhuria wanasema yao wenyewe, ila kazi bado, sitakudanganya.

Suala jengine, nani anajua kutengeneza vile viti vya maboksi? Nimeviona kwa mtu, kiti kinamshika mbavuni anakaa wima anakula mwenyewe.

Mzee wa Mbuyuni
Hivyo vya karatasi tulifundishwa. Maboksi magumu, unakata unapanga tabaka kwa tabaka, gundi ni uji wa ngano uliopikwa ukawa mzito. Kila tabaka ulibane na kitu kizito likauke KABISA kabla ya jingine, hapo ndo wengi wanashindwa kwa haraka. Mwisho karatasi laini juu halafu rangi ya mafuta, maana mtoto atamwaga uji na kukojoa. Mpime kwanza akiwa amekalishwa, magoti yakunjike sawa na nyayo zifike chini, usikate kwa kukisia. Huko kwenu unyevu mwingi, anza kiangazi.

mamake_J
Mzee hebu weka vipimo na picha ukipata nafasi, sisi wa pwani tuko wengi tunaotaka.