Laguni ya Langebaan haina mto: matete yake yanapata wapi maji baridi?

Swali (mwongoza watalii, Moshi)
Wadau, wageni wangu wa wiki iliyopita walinionyesha picha za Laguni ya Langebaan (laguni ni ghuba ya maji ya kina kifupi iliyojitenga na bahari), iliyo kaskazini mwa Cape Town, Afrika Kusini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya West Coast. Walisema hakuna mto unaoingia humo, bali maji ya bahari hujaa na kupwa kupitia Ghuba ya Saldanha. Lakini upande wa kusini, mahali paitwapo Geelbek, niliona pichani matete marefu, ambayo nijuavyo hayastawi katika maji ya bahari. Yanapata wapi maji baridi? (Baridi kwa maana ya kukosa chumvi, kwani bahari ya huko nayo nasikia inagandisha miguu.)

Jibu (mstaafu wa uhifadhi, Arusha)
Kijana wangu, jibu unalo mlangoni. Pale Chemka, wilayani Hai, maji huchipuka katikati ya nyika kavu kwa sababu yamesafiri chini ya miamba. Langebaan nayo hupokea maji ya ardhini yanayovuja taratibu kwenye kingo zake za kusini, na matete ndiyo alama ya mahali yanapotokea. Kwingineko chumvi ndiyo inayotawala: kuna majani ya bahari, vinamasi vya chumvi, na tope pana linalobaki wazi maji yakipwa, ambamo hula ndege wadogo waliotoka kuzaliana katika tundra (nyika baridi isiyo na miti) ya Siberia. Laguni hiyo iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1988. Mikoko usiitafute, kwani mkondo wa Benguela, mkondo baridi wa bahari wa pwani ile, umeifanya bahari ile kuwa ya baridi mno.

Jibu (mwanafunzi wa wanyamapori, Moshi)
Shikamoo mzee. Naomba kuongeza kwamba laguni imegawanywa katika kanda tatu, na masharti huzidi kadiri unavyoelekea kusini, hadi kanda ya mwisho ambako chombo hakiruhusiwi kuingia. Hata hivyo, maji yanayolisha matete huanzia nje ya mipaka hiyo, upande wa mashariki, ambako mgodi wa fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) umezua mvutano mkali kuhusu maji ya ardhini. Askari mwenye boti atamzuia mvuvi, lakini pampu iliyo nje ya mpaka hana uwezo nayo.

Muuliza swali
Nashukuru, mzee wangu, nawe ndugu. Je, maji hayo yakipungua, dalili ya kwanza itakuwa ipi?

Mstaafu
Tazama ukingo wa matete unaoelekea majini. Chumvi ikifika mizizini, matete hurudi nyuma na mimea ya chumvi huchukua nafasi yake.